Hela imekatwa mara mbili Kampala, benki ya nyumbani inaniuliza "kwani hakuna mabasi?"

Jina la benki siliweki hapa, wenye kadi zao wataijua tu wakisoma. Mimi ni Mtanzania, naishi Kampala miaka sasa, kazi iko Ntinda, na akaunti ya nyumbani sijawahi kuiacha kwa sababu kuna mambo ya familia yanapitia humo. Kadi yao ya Visa nimeitumia sana huku na nasema ukweli inapita kila mahali, supamaketi, sheli, hospitali. Tatizo ni siku hela ikipotea, hapo ndo utajua wanakuchukuliaje.

Mapema mwaka huu nilienda kununua friji duka moja upande wa Jinja Road. Muuzaji akaingiza kadi, nikaweka namba ya siri, mashine ikafikiria weee, ikatoa kikaratasi kwamba muamala umekataliwa. Akarudia, ikakubali, nikatafuta pikapu nikaondoka na friji langu. Jioni nafungua meseji za benki nakuta makato mawili ya kiasi kilekile, laki tisa na ushee za Uganda mara mbili. Nilikaa chini.

Kesho yake nikarudi dukani na hapo sina neno baya. Mhasibu wao, mama mmoja mtaratibu, akaniambia "nnyabo (yaani mama, kwa Kiganda) kaa kwanza", akatoa ile risiti ndefu ambayo mashine inaitoa wakati wa kufunga hesabu za siku, tukaipitia mstari kwa mstari na kalamu, mauzo ya bei ile yapo mara moja tu. Akanipa kopi, akaigonga mhuri wa duka, akasema hela ya pili kwetu haijaingia, mwenye uwezo wa kuidai ni benki iliyokupa kadi. Na ndivyo ilivyo kweli, mwenye kadi unadai kwa benki yako, benki yako inalipeleka dai kwa benki yenye mashine, yaani ile iliyompa mwenye duka mashine ya kadi, kupitia mtandao wa Visa, ile nayo inamuuliza mwenye duka. Nilijaribu kwenda moja kwa moja kwa benki yenye mashine hapa Kampala wakaniambia mimi si mteja wao, basi.

Sasa nyumbani. Kwanza ile namba yao ya bure ya 0800 nikiwa huku haitoki kabisa. Inayotoka ni namba ya kawaida, yaani salio linateketea huku unasikilizishwa muziki na tangazo la mikopo ya wafanyakazi. Ndo nikampata dada mmoja wa dawati la kadi, akaniambia:

"Hiyo hela itarudi yenyewe, subiri."

Nikamuuliza nisubiri mpaka lini, akasema siku arobaini na tano za kazi. Nikaomba namba ya dai ili nikipiga tena nisianze upya, akasema hakuna namba ya dai, wewe subiri. Nikasubiri, hela haikurudi. Nikapiga tena wiki kadhaa baadaye nikampata yuleyule, sauti yake nimeikariri mpaka leo. Akaniambia rudi dukani ukamalizane nao. Nikamweleza duka hawana hiyo hela na ushahidi ninao, akasema basi njoo tawi ulilofungulia akaunti ujaze fomu. Tawi langu liko Mwanza. Nikamwambia dada mimi niko Kampala.

"Sasa si umeamua mwenyewe kuishi Uganda? Kwani Kampala hakuna mabasi?"

Akakata simu.

Jamani mabasi yapo. Unapanda, unapita Masaka, unafika Mutukula unagonga pasi, unashuka mpaka Bukoba, halafu kwenda Mwanza unalala kwenye meli usiku kucha unavuka ziwa, ama unazunguka na barabara siku nzima. Yote hayo kwenda kusaini fomu ya ukurasa mmoja. Na mtu anakwambia hivyo kwa hela ambayo ni yako, iko kwenye vitabu vyao, haombwi mkopo wala msaada. Nilitetemeka kwa hasira, mume wangu akaninyang'anya simu akasema usipige tena leo.

Kilichonichoma zaidi nilikuja kukijua baadaye nilipoanza kusoma. Kwa kanuni za Visa dai la kukatwa mara mbili lina muda, siku 120, zikipita benki yako inakuwa imepoteza hiyo njia ya kudai. Kwa hiyo kila "subiri" ya yule dada ilikuwa inazila siku zangu, na mtu anayekaa kwenye dawati la kadi hawezi kusema halijui hilo. Kama halijui basi amewekwa pale afanye nini? Mtu akikwambia hela itarudi yenyewe, mwambie akuandikie dai siku hiyohiyo na akupe namba yake kwa maandishi, hela ikirudi yenyewe dai litafungwa, halimdhuru mtu.

Na karatasi. Zile risiti za mashine hazina wino, zinachapwa kwa joto, ukiiweka kwenye pochi au kwenye gari juani inafifia. Ile ya kukataliwa niliipiga picha jioni ileile juu ya meza ya jikoni, saa inasomeka, namba ya mashine inasomeka, namba nne za mwisho za kadi zinasomeka. Nilipokuja kuitoa pochini ilikuwa imebaki nyeupe, kwa mbali unaona kivuli cha jina la duka. Bila ile picha ningekuwa na maneno matupu.

Basi ikatokea harusi ya ndugu Bukoba, nikasema nikiwa huko napita tawi lao la pale hata kama watanifukuza. Nikapokelewa na kijana, "shikamoo dada", akasikiliza mpaka mwisho bila kushika simu yake. Akaniuliza nani alikwambia lazima Mwanza? Fomu inapokelewa tawi lolote, na ungeweza hata kuituma kwa imeili ukiwa hukohuko Kampala ukaambatisha risiti. Nilitaka kulia. Akaskani kila kitu, picha yangu, ile kopi yenye mhuri, taarifa ya akaunti, akaniandikia namba ya dai, na kila baada ya muda ananitumia wasapu dai limefika wapi. Hela ikaja, tena kabla ya muda alioniambia. Siku hiyo nilikuwa tayari kufuta hasira zote na kuwaambia watu benki ni nzuri ila mna mtu mmoja mbaya kwenye simu.

Halafu nikapiga hesabu.

Imerudi pungufu. Siku ya kukatwa walibadilisha shilingi za Uganda kwenda za Tanzania kwa bei yao ya siku ile na juu yake wakaweka makato ya muamala wa nje ya nchi. Siku ya kurudisha wakabadilisha kwa bei nyingine, ya chini, na yale makato hawakurudisha kabisa. Nikaandika, nikajibiwa "kiwango cha siku husika". Kiwango cha siku ipi wakati muamala wenyewe haukutakiwa kuwepo? Mimi sikununua kitu nikakirudisha, nilikatwa kwa mashine iliyosema imekataa!

Safari hii sikupiga simu. Nimeandika imeili nikataja kanuni za Benki Kuu ya Tanzania (BoT) za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, kwamba nimeanza kwao kama inavyotakiwa na wasiponijibu vizuri napanda BoT. Ghafla nikaanza kuitwa "mteja wetu mpendwa" na wakasema wanalipitia upya.

Watu wananiambia achana na kadi lipa kwa simu. Hapana, kwa hilo nawabishia. Hela ya simu ukiituma kwa mtu asiye sahihi akawahi kuitoa, umebaki kumbembeleza. Kadi angalau ina njia ya kudai, mwenye kosa ni anayekuzibia hiyo njia.

Nawapa nyota mbili. Ya tatu nilikuwa nimeshampa yule kijana wa Bukoba nikaiondoa, kwa sababu aliyeko nje ya nchi hampati yeye, anampata wa kwenye simu. Akaunti sijaifunga maana dai la ile hela iliyorudi pungufu bado liko wazi na nikifunga sasa watapata sababu. Mshahara nimeshauhamishia benki nyingine.