Simu janja kwenye kazi ya mteja wa siri: nzuri, mpaka ikumezee fomu

Nianze na hukumu, halafu nitaichafua mwenyewe huko mbele: simu janja inafaa kwa kazi ya mteja wa siri. Inafaa kweli. Na bado ilinitia hasira mpaka nikatamani kurudi kwenye kalamu na kijidaftari cha mfukoni. Hasira yenyewe haijapoa, kwa hiyo msitarajie upole hapa.

Kwa wasioijua kazi hii: unaingia dukani, benki au mkahawani kama mteja mwingine yeyote. Unanunua, unaangalia umepokelewaje, umesubiri dakika ngapi, choo kina hali gani, mhudumu ametaja ofa au amenyamaza. Unatoka, unajaza dodoso, unaambatisha picha. Muda wa kuwasilisha ni mfupi, mara nyingi siku hiyo hiyo au ndani ya saa 24. Pesa ya manunuzi unatanguliza wewe, na unarejeshewa ripoti ikipita. Ikikataliwa, umejinunulia chakula na umefanya kazi bure. Maumivu yote ya hii kazi yako hapo.

Sasa kilichonikuta. Wiki kadhaa nyuma, ukaguzi wa mkahawa, dodoso refu ndani ya programu ya kampuni iliyonipa kazi. Maelezo yote nimeshajaza: salamu, foleni, jina la mhudumu, joto la chakula, meza zilizoachwa bila kufutwa. Limebaki swali la mwisho, picha ya risiti. Nagusa alama ya kamera, kamera inafunguka, napiga, nakubali. Programu inarudi na nembo yake, inazunguka kidogo, kisha inanipokea kama mgeni: "Karibu, anza ukaguzi." Fomu nyeupe pe! Hata hiyo picha ya risiti haimo.

Nikamwandikia msimamizi. Jibu lake lote lilikuwa hili: "Zima kiokoa betri. Simu ni jukumu lako." Hakuna pole, hakuna muda wa nyongeza, hakuna aliyeuliza simu ni ya aina gani. Na ushauri wenyewe si sahihi! Hilo ndilo lililoniudhi kuliko fomu yenyewe. Mtu anakufokea, halafu anakupa dawa ya ugonjwa mwingine.

Kiokoa betri hakikuhusika kabisa. Programu ya fomu inapotaka picha, mara nyingi haipigi yenyewe. Inaiita kamera ya simu, na yenyewe inakaa nyuma. Kamera ni mlafi wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizo wazi hufanyia kazi. Android ikiona nafasi haitoshi inatafuta wa kumtoa, na anayetolewa ni huyo aliyekaa nyuma, yaani fomu yako. Ukimaliza kupiga, programu inawashwa upya, na kama aliyeitengeneza hakuiagiza iandike kila jibu kwenye hifadhi ya simu pale pale unapojibu, inaamka haikumbuki kitu. Simu yenye RAM ya GB 2 au 3 itakufanyia hivi bila aibu. Kubwa zaidi nayo inaweza, ukiwa umeacha ramani, kivinjari na vingine vinne wazi. Kwenye iPhone kamera kwa kawaida hufunguka ndani ya programu hiyo hiyo, ndiyo maana kilio hiki kinatoka zaidi kwa watu wa Android. Fomu za kwenye kivinjari nazo zina kisa kama hicho: unatoka kidogo kuangalia jina la mtaa, ukirudi ukurasa unajipakia upya na maandishi yameyeyuka.

Kubana betri kuna dhambi yake ya pekee, na Android hukufanya hata kiokoa betri kikiwa kimezimwa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikilazwa mezani bila chaji na kioo kimezimwa, mfumo unazibana programu za nyuma na kuzikatia mtandao kwa vipindi. Hapo ndipo picha zinapokwama kwenye "inapakia", unalala ukidhani ripoti imekwenda, unaamka muda umepita. Dawa yake: Mipangilio, Programu, chagua programu ya kazi, Betri, ruhusu bila vikwazo. Maneno hubadilika kulingana na mtengenezaji wa simu, lakini njia ni hiyo. Kisha chomeka chaji na usizime kioo mpaka picha ya mwisho ionyeshe imefika. Ni magonjwa mawili, yana dawa mbili, na msimamizi anayelipwa kusimamia watu wa simu alipaswa kuyatofautisha.

Kama unataka kujua fomu yako ni ya kundi gani, inayokumbuka au inayosahau, kabla haijakuumiza, jaribio lipo na halina gharama. Mipangilio, Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo (baadhi ya simu zinaificha ndani ya taarifa za mfumo), iguse mara 7. Chaguo za wasanidi zitafunguka. Humo washa swichi ya kutohifadhi shughuli. Ikiwa imewashwa, kila ukurasa unaouacha unaharibiwa papo hapo. Fungua fomu ya majaribio, jibu maswali mawili, nenda kwenye swali la picha, piga, rudi. Majibu yakitoweka, unajua unafanya kazi na nani. Yakibaki ni dalili njema, ingawa si hakikisho kamili, maana swichi hii inaua ukurasa tu na simu iliyobanwa inaweza kuua programu nzima. Ukimaliza izime, la sivyo utadhani simu imerogwa.

Programu ya kampuni ile ilianguka jaribio hilo hapo hapo. Nikawatumia video ya kioo. Kimya.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi lazima ubadilike, na hili nalisema kwa yeyote anayeshika dodoso lenye picha. Picha zote zipigwe kwanza kwa kamera ya kawaida ya simu, ziingie kwenye hifadhi, ndipo fomu ifunguliwe na picha ziambatishwe kutoka humo. Fomu nyingine zinakataa, zinataka picha mbichi ya papo hapo ili watu wasilete picha za mwezi uliopita. Sawa, sababu inaeleweka. Hapo anza na maswali ya picha kabla hujaandika neno, ukiwa umefunga kila kitu kingine. Maelezo marefu yaandikwe kwenye daftari la simu, yanakiliwe na kubandikwa mwishoni. Na usiache masahihisho ya kibodi yakiwa yamewashwa unapoandika jina la kwenye beji ya mhudumu. Kibodi italigeuza kuwa neno la kawaida, mhariri anayekagua ripoti yako ataona jina ambalo halimo kwenye orodha ya wafanyakazi, na swali la kwanza litakuwa kama kweli ulifika.

Mnaona? Nusu ya akili yangu inatumika kuilinda kazi isiliwe na chombo cha kazi. Nikifika hapa natamani kufuta ule mstari wa kwanza. Kijidaftari hakijawahi kuamka kikiwa kimesahau.

Lakini kijidaftari kinakuumbua. Jaribu kusimama kwenye foleni ya benki ukiandika kila baada ya dakika uone kama meneja hatakuja kukuuliza shida yako. Mtu aliyeinamia simu hakuna anayemtazama mara mbili. Na hapa simu inafanya jambo ambalo karatasi haiwezi: inakupa muda usiobishaniwa. Maswali ya muda ndiyo moyo wa dodoso, na mhariri hupenda sekunde. Saa ya kupimia yenye vituo inafaa, ila lazima uiangalie ili ugonge. Mimi natumia picha ya skrini. Bonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti mara unapoingia, unapofika kaunta, unaposalimiwa, unapopewa bidhaa. Kwenye Android nyingi jina la faili linabeba tarehe, saa, dakika na sekunde. Ukitoka unazisoma kwa mfuatano, kila tukio na muda wake, na vidole vyako havikuonekana vikifanya lolote la ajabu. Saa ya simu iwe kwenye kujipanga yenyewe kwa mtandao. Ya risiti ikitofautiana nayo, na hutofautiana, kwa sababu saa za mashine za malipo huachwa zikapotea, andika zote mbili na useme ipi ni ipi.

Mahali nako simu inakutetea, ukiijua tabia yake. GPS nje, chini ya mbingu wazi, inakosea mita chache tu, kama 5 hivi. Ndani ya jengo la ghorofa inarukaruka, inaweza kukuweka barabarani au jengo la pili, na fomu ikakwambia haupo eneo la kazi. Thibitisha kwenye fomu kwamba umefika ukiwa bado mlangoni, kabla hujaingia. Kisha piga picha ya bango la duka ukiwa nje. Washa pia kuhifadhi mahali ndani ya mipangilio ya kamera, maana kwenye simu nyingi hiyo huwa imezimwa mpaka uiruhusu, na picha isiyo na mahali ni neno lako dhidi ya la meneja wa tawi. Na msimamizi akiomba picha kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na kuvuliwa taarifa zake za muda na mahali. Anabaki na picha isiyothibitisha kitu.

Risiti isisubiri nyumbani. Hii karatasi ya joto inayotumika kwenye mashine za malipo hufifia kwa jua, joto na mafuta ya mikono, na ikiachwa ndani ya gari siku ya jua inaweza kuwa nyeusi tii. Ilaze juu ya kitu cheusi, bila mwako wa kamera kwa sababu mwako unaacha doa jeupe katikati ya tarakimu, pembe zote nne zionekane. Ikiwa ndefu piga vipande, kila kipande kikirudia mistari miwili mitatu ya kilichotangulia. Ikuze uisome hapo hapo: tarehe, saa, tawi, namba ya muamala, jumla. Wenye iPhone wabadilishe muundo wa picha kwenye mipangilio ya kamera kuwa ule unaokubalika kwingi, kwa sababu tangu iOS 11 ya 2017 simu nyingi hizo huhifadhi kwa HEIC, aina ya faili ya picha isiyosomeka kila mahali, na fomu kadhaa zinazitema bila kueleza.

Jambo moja dogo lenye sumu: arifa. Umeweka simu kaunta ukitafuta pesa, kioo kinawaka chenyewe mbele ya mhudumu: "Ukaguzi wako wa tawi hili unaisha saa 12 jioni." Kazi imekufa hapo, na hakuna wa kumlaumu ila aliyebuni arifa yenye jina la tawi. Ficha maudhui ya arifa kwenye kioo kilichofungwa kabla hujatoka. Sauti ya kamera nayo izimwe, ingawa simu zilizotengenezwa kwa soko la Japani na Korea Kusini kwa kawaida hazikuruhusu kuizima. Jaribu kwanza kabla hujaaibika. Kurekodi sauti usithubutu kwa akili yako mwenyewe. Sheria za ridhaa zinatofautiana nchi kwa nchi, na maelekezo yasiposema rekodi, usirekodi.

Basi nimesema nini? Kwa simu peke yake natoa nyota nne, na ya tano naizuia kwa sababu ya chaji, maana GPS na kamera kwa pamoja zinaimaliza betri kabla ya jioni na utabeba benki ya umeme (power bank) utake usitake. Kwa programu ile, nyota moja, tena kwa kuwa sifuri haikubaliki. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba simu haifai. Nikihesabu ilivyonitetea kwenye muda na mahali, siwezi kuliandika hilo bila kusema uongo. Haifai kukabidhiwa fomu iliyotengenezwa na mtu asiyewahi kuijaza akiwa amesimama kwenye maegesho, jua usoni, asilimia chache za chaji zimebaki.

Sasa hivi kampuni ikinipa kazi yenye picha naitumia maswali kabla ya kukubali. Fomu inapokea picha kutoka hifadhi ya simu au lazima ya papo hapo? Majibu yanahifadhiwa bila intaneti? Fomu ikifutika naandika kwa nani, na muda unaongezwa kwa saa ngapi? Wapo wanaojibu ndani ya saa moja, na hao nawafanyia hata kazi za malipo madogo. Wanaojibu "soma maelekezo" nawaachia wengine wawahangaikie, nao huniandikia tena mwisho wa mwezi wakiwa na matawi ambayo hakuna aliyeyataka.