Uzoefu wangu na mawakili wa bure, kwa wenye biashara ndogo Mombasa

Watu wanauliza sana kama hawa mawakili wa kujitolea wanasaidia kweli ama wanakuja kupiga picha waende zao, sasa mie nawaelezea yaliyonikuta. Nina hoteli ndogo ya chakula Kongowea, mahamri na mbaazi asubuhi, pilau mchana. Na mwenye jengo tulikubaliana kwa mdomo tu tangu naanza, kodi namtumia kwa M-Pesa kila mwezi, hatujawahi kuandikiana kitu. Mara nikaletewa voisi WhatsApp, eti mwisho wa mwezi kodi inapanda karibu mara mbili na nikishindwa nitoe vitu vyangu, kuna mtu anangojea nafasi.

Wallahi usingizi ulipotea. Kila ninayemuuliza pale sokoni jibu ni hilo hilo, huna karatasi huna haki, lipa ama hama.

Bas nikasikia kuna mawakili wanakaa ukumbini mtaani kwetu kuwasikiliza wafanyibiashara bila malipo, nikaenda. Nikakalishwa mbele ya wakili msichana, mdogo kwa mwanangu wa kwanza, lakini maswali yake yalinituliza manake hakuwa na haraka, unalipa vipi, meseji za M-Pesa bado unazo, alikwambia kwa maandishi ama kwa mdomo. Kisha akanambia, "Mama, kwa duka ama hoteli kama yako, kutokuwa na mkataba wa maandishi kunakuweka chini ya ulinzi wa sheria." Nikamwambia rudia.

Kumbe kuna sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Cap 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi na pia yule mwenye mkataba usiozidi miaka 5. Mwenye jengo akitaka kukutoa ama kupandisha kodi lazima akupe notisi kwa fomu yake maalum, na haianzi kazi mpaka ipite angalau miezi 2 tangu uipokee, na kama anakutoa aseme kwa sababu gani. Hukubali? Unamjibu ndani ya mwezi mmoja, halafu unapeleka shauri kwenye tribunali ya kodi za majengo ya biashara kabla ile tarehe haijafika, na ukishapeleka shauri, ile notisi inasimama mpaka waamue. Hata kitabu cha kodi ni kazi yake kukiweka na kukupa nakala, mie sijawahi kukiona hata kimoja!

Kwa hivyo ile voisi si notisi. Akanisisitiza niendelee kulipa kodi ya zamani, tarehe ile ile, nisiruke hata mwezi, manake malimbikizo ya kodi ni moja ya sababu ambazo sheria inamruhusu kuomba nitolewe. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, wanakasirika wanaacha kulipa na haki yote inageuka. Barua ya kumjibu mwenye jengo tuliiandika pale pale, kwa adabu kabisa, nikaipeleka mwenyewe. Mpaka leo fomu yoyote sijaletewa na kodi anapokea ile ile.

Nikauliza pia deni langu, kuna watu niliwapikia chakula cha ofisini kwao hawajanilipa. Akanielekeza mahakama ya madai madogo, inachukua madai mpaka shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Mombasa ipo.

Sasa mjue mipaka yake. Wanakushauri na kukuandikia, hawaendi nawe kortini, na ada za kufungua kesi ni zako. Ukienda beba meseji za malipo zimeprintiwa, hiyo notisi ama voisi yenyewe, na kibali cha biashara, ukienda mikono mitupu muda wote unaishia kwenye kueleza. Na msiogope kumuuliza wakili jina lake kamili mkaliangalia kwenye mtandao wa LSK, chama cha mawakili wa Kenya, manake leseni ya wakili inakatwa upya kila mwaka na matapeli wa kujiita mawakili wapo, wangu nililiangalia na lilikuwepo.

Mie nawapa nyota 5. Akina mama wa pale sokoni wanaotishwa kwa simu wahamishwe, nendeni mkaulize kabla hamjafunga hata sufuria moja.