Bamba Chakula: Tathmini ya Huduma ya Fedha za Chakula Kakuma na Kalobeyei

Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwapa wakimbizi walioko Kakuma, Kaunti ya Turkana, sehemu ya mgao wao wa chakula kwa njia ya fedha zinazoingia kwenye laini ya simu. Huduma hiyo iliitwa Bamba Chakula. Naihesabu kuwa miongoni mwa njia bora zaidi za kumfikishia mkimbizi msaada nchini Kenya, ijapokuwa manufaa yake yamekuwa yakiliwa na deni la dukani na udogo wa kiasi chenyewe.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Kaya ilipewa laini ya Safaricom ambayo fedha zake hazikuweza kutolewa taslimu wala kutumwa kwa mtu mwingine. Zilitumika kununua chakula kwa mfanyabiashara aliyeidhinishwa na WFP, na pombe na tumbaku zilikatazwa. Mnunuzi alichagua bidhaa, akaingiza namba ya siri, na mwenye duka akapokea malipo papo hapo kwenye simu yake. Jambo hilo si dogo. Katika mgao wa kupimiwa nafaka, dengu na mafuta, mama aliyetaka kuwanunulia watoto maziwa au mboga alilazimika kuuza sehemu ya nafaka kwa bei ya kutupa, na aliyefaidi zaidi ni mlanguzi.

Sifa nyingine ni kwamba wafanyabiashara walioidhinishwa walikuwa wakimbizi na wenyeji Waturkana pia, hivyo msaada uliotolewa kwa mmoja ulizunguka na kumfikia mwenzake. Hata hivyo, masharti yale yale yaliwaacha nje wenyeji maskini zaidi. Tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, wanawake wa Kiturkana wamekuwa wakiingiza humo kuni na makaa na kubadilishana na chakula. Mwanamke anayebeba mzigo wa kuni kichwani hana duka la kuidhinishwa, kwa hiyo fedha za Bamba Chakula hazikuweza kumlipa, na mkimbizi aliyehitaji kuni za kupikia alirudi kulekule kwenye kuuza chakula.

Kasoro iliyo nzito kuliko zote ni deni. Katika makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa nia ya kuwawezesha wakimbizi na wenyeji kujitegemea pamoja, kiwango kilikuwa shilingi 1,400 kwa mtu kwa mwezi. Kiasi hicho kilipokwisha kabla ya mwezi, au malipo yalipochelewa, familia ilikopa dukani. Mwenye duka aliandika kwenye daftari, na mara nyingi alibaki na laini ya mteja kama dhamana. Kuanzia hapo mteja hana uhuru wa kulinganisha bei wala kuhama duka, na ule uchaguzi ambao huduma hii iliundwa kuutoa unamponyoka. Sidhani ni haki kumtupia mwenye duka lawama zote, kwa maana yeye naye huwa amechukua bidhaa kwa mkopo kwa muuzaji wa jumla.

Kuanzia mwaka 2019, WFP ilianza kuwahamishia wakazi wa Kalobeyei kwenye fedha zisizo na masharti kupitia akaunti za benki. Naunga mkono hatua hiyo kikamilifu, maana noti mkononi hununua kuni, dawa na hata sare ya shule, bila kibali cha mtu. Lakini kadi ya benki nayo huweza kushikwa dukani kama ilivyoshikwa laini.

Mwaka 2025, ufadhili ulipopungua, mgao ulishushwa hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, na malipo ya fedha yakasitishwa. Ikumbukwe kwamba fedha zinapokatika ghafla, mkimbizi hubaki na deni, na mwenye duka, awe mkimbizi au Mturkana, hubaki na daftari lisilolipika. Ndiyo maana nawaomba wafadhili wasiishie kuusifu mfumo huu. Waulipie kwa kiwango kinachofika mwisho wa mwezi, tarehe ya malipo ijulikane mapema, na punguzo lolote litangazwe kabla maduka hayajakopesha kwa kutegemea fedha ambazo hazitakuja.