Kikaangio cha hewa kwa mgonjwa wa figo: kipi ununue Dodoma, kipi ukiache dukani

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma mkiwa dukani tayari: chukua chenye droo moja, ujazo wa lita 4 hadi 6, swichi za kuzungusha. Vingine vinafuata chini yake. Ila kuna jambo wauzaji hawaligusi, na ndilo lililoamua mpangilio huu.

Kikaangio cha hewa (air fryer) kinakupunguzia mafuta, basi. Hakipunguzi chumvi, wala potasiamu, wala fosforasi, na hizo tatu ndizo zinazomsumbua mtu ambaye figo zake zimechoka. Kwa potasiamu mambo yanaweza hata kugeuka: hewa moto inakausha chakula, maji yanapotea, madini yanabaki. Kiazi mviringo kibichi kina takriban miligramu 400 za potasiamu kwa kila gramu 100. Kikikatwa chipsi na kutupwa kwenye droo kibichi hivyohivyo, kila gramu 100 utakayokula itakuwa na zaidi ya hapo.

Dawa yake ni sufuria. Menya, kata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji, ndipo uingize kwenye mashine vipate rangi. Vipande vya mchemraba vinapoteza karibu nusu ya potasiamu. Ukikwangua viazi vyembamba, vinapoteza zaidi. Kuloweka usiku kucha bila kuchemsha, ambako watu wanaelekezana sana, hakusaidii kitu cha maana. Najua maji Dodoma ni ya mgao na kumwaga sufuria nzima kunauma. Yakipoa mwagie mpapai, wenyewe unaihitaji hiyo potasiamu.

Kwa hiyo tunatafuta mashine ya kumalizia kazi ya sufuria. Si kila mgonjwa anatakiwa kupunguza potasiamu, vipimo vya damu ndivyo vinavyosema. Mwenye ruhusa ya daktari ataruka hatua hii, lakini mpangilio wa mashine haubadiliki sana.

1. Droo moja, lita 4 hadi 6

Kiazi kilichochemshwa ni laini. Ukikirundika kinapondeka na kutoka kama futari. Kinataka kutandazwa safu moja, hivyo usihangaike na lita zilizoandikwa kwenye boksi, vuta droo utazame sakafu yake. Pana na fupi inaishinda nyembamba na ndefu, hata kama lita ni zilezile.

Kuhusu swichi, vile vitufe vyenye picha ya chipsi na kuku vimepangiwa chakula kibichi au cha friza. Chakula chako kimeshaiva nusu, unachohitaji ni kuweka mwenyewe nyuzi 180 na dakika kumi hadi kumi na mbili, na kijiko cha mafuta ya alizeti ambayo ukanda huu hatuna shida nayo. Tena kioo cha kugusa kikiungua umeme unapocheza, kumpata fundi wa kukitengeneza ni kazi. Swichi ya kuzungusha fundi yeyote anaielewa.

Tahadhari moja: droo ya ukubwa huu inakushawishi uijaze kuku. Mwenye ugonjwa sugu wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu kwa kawaida hupangiwa protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni gramu 48 kwa siku nzima, maharage na maziwa yakiwemo. Kidari cha kuku kilichoiva cha gramu 100 peke yake kina kama 30. Aliyeanza kusafishwa damu hesabu yake inapanda, gramu 1.0 hadi 1.2, na hapo kumbania nyama ni kumdhoofisha. Kama unampeleka kliniki Benjamin Mkapa au kwingineko, omba kuonana na mtaalamu wa lishe kabla ya kuonana na muuza vyombo.

2. Cha mlango, kama oveni ndogo, lita 10 hadi 12

Hiki ni cha nyumba ambayo wote mmekubali kula chakula cha mgonjwa, jambo ninaloliunga mkono kwa mikono miwili. Sato wa Mtera analala mzima kwenye trei, wakati kwenye droo lazima umkate mkia. Bilinganya, hoho na karoti zinatandazwa kwa nafasi. Kasoro yake ni kwamba trei ya juu inawahi kuungua, lazima ubadilishane trei katikati ya mapishi, na meza yako iwe na nafasi.

3. Droo mbili

Kina sababu moja nzuri: upande mmoja kuku asiye na chumvi, upande wa pili wa wengine. Kumbuka kiwango cha juu cha chumvi ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mkate wa asubuhi umeshakula sehemu yake. Lakini kila droo ni nyembamba, viazi vinabanana, na bei inapanda. Cha wenye uwezo.

4. Kidogo, lita 2 hadi 3

Cha mtu anayeishi peke yake. Familia itapika kwa zamu mpaka saa nne usiku.

Cha mtumba sikiweki hata kwenye orodha. Vingine vimetengenezewa umeme wa volti 110, wetu ni 230, na vingi rangi ya ndani imeshabanduka. Hata kipya kitabanduka kikisuguliwa kwa stilwaya, mwambie dada wa nyumbani atumie sponji laini.

Kitabu cha mapishi kilichomo kwenye boksi

Kiache humohumo. Kimejaa soseji na nagets, na nyama za kusindikwa mara nyingi huongezwa fosfeti (fosforasi ya kiwandani) ambazo mwili unazifyonza karibu zote, tofauti na fosforasi ya maharage ambayo sehemu kubwa inapita. Kyubu za supu ni chumvi tupu. Ile chumvi ya "watu wa presha" mara nyingi ni ya potasiamu, kwa mgonjwa wa figo inaweza kusimamisha moyo. Tumia ndimu, kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili manga.

Na vya kwetu navyo vina mambo yake. Magadi kwenye mlenda ni sodiamu, ubuyu una potasiamu nyingi mno. Zabibu mbichi za Dodoma zina takriban miligramu 190 za potasiamu kwa gramu 100, lakini zikikaushwa zinafika 750 hivi. Mbichi kiganja kimoja, sawa. Kavu, hapana.

LUKU

Mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika 20 inakula nusu uniti au pungufu. Kwa ushuru wa kawaida wa nyumbani, uniti ni kama shilingi 350 ukijumlisha kodi, kwa hiyo mapishi ni kama shilingi 175. Mkaa haukupi bei hiyo. Wa kujihadhari ni aliye kwenye ushuru nafuu usiozidi uniti 75 kwa mwezi: dakika 40 kila siku ni uniti 30 za ziada, na ukivuka unahamishwa.

Dukani, iwe Majengo au ulipozoea, washa mashine tupu dakika tano. Harufu kidogo ya upya ni kawaida, moshi si kawaida. Shika waya: ukipata moto, acha. Plagi iwe ya pini tatu za mraba, nzito, na nyumbani ichomekwe ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni ya televisheni. Waranti iandikwe kwenye risiti, na uulize fundi wao yuko hapa au Dar.