Miezi saba na programu ya kumchunga mtoto kwenye kompyuta: nyota mbili

Nianze na chunusi, maana ndizo zilizonifanya niizime.

Tulikuwa mezani, ugali na dagaa, Jumanne kama Jumanne nyingine. Nikamwambia kijana wangu, kwa nia njema kabisa, "Baba, hizo chunusi zitaisha zenyewe, usijipake dawa ya meno." Tonge likamganda mkononi. "Mama, habari ya dawa ya meno umeijuaje?" Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Alikuwa ameitafuta kwenye kompyuta ya sebuleni jioni ile ile, programu ikapiga picha ya skrini na kuniletea kwenye simu nikiwa nimebanwa kwenye daladala la kwenda Kimara. Mdogo wake akaangua kicheko. Yeye akanawa mikono, akaenda kulala saa mbili na nusu. Kijana wa miaka 16 kulala saa mbili na nusu!

Jina la programu silitaji. Ni zile za kulipia kwa mwaka, mimi ilinitoka kama shilingi 130,000. Unaiweka kwenye kompyuta, halafu wewe mzazi unasoma kila kitu kwenye simu: tovuti alizofungua, alichotafuta, saa alizokaa, na kila baada ya dakika chache picha ya skrini. Niliinunua baada ya kijana kushuka kutoka nafasi ya nane hadi ya thelathini na moja darasani, na kila nikiamka usiku namkuta kwenye gemu.

Mwezi wa kwanza niliisifia hadi kazini. Nilipanga kompyuta ijifunge saa tatu usiku, na kweli ilikuwa inajifunga. Kuanzia mwezi wa pili nikaanza kuona mambo yasiyoeleweka kwenye ripoti. Kijana alionekana yuko kwenye kompyuta saa kumi alasiri, siku ambazo najua kabisa saa kumi yuko tuisheni. Nikadhani programu imekosea. Wiki mbili nzima nimedhani hivyo. Kumbe kijana alikuwa anasubiri tulale, anabadilisha majira ya kompyuta kwenda ya New York, na saa tano usiku ya Kimara inakuwa saa kumi jioni. Programu ilikuwa inafuata saa ya kompyuta, basi ikamfungulia mlango vizuri tu. Niliponyanyua sauti, baba yao alikuwa anacheka chumbani.

Kosa moja hapo lilikuwa langu, na mwenye kompyuta ya familia alisikie. Fundi alipotuwekea Windows alitengeneza akaunti moja tu, ya msimamizi, na sote tukawa tunaitumia. Mtu mwenye akaunti ya msimamizi anabadilisha atakacho, hata programu ya kumchunga anaweza kuing'oa. Mtoto awe na akaunti yake ya kawaida, ya msimamizi ibaki kwako na nywila yake. Na bado hujamaliza, maana anaweza kuazima flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, akawasha kompyuta kwa hiyo flashi, na programu yako isijue hata kama kompyuta imewashwa. Dawa yake ni kuingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, ukazuia kompyuta isiwakie flashi, halafu ukaifunga kwa nywila.

Sasa chujio la maneno. Hapa ndipo niliona nimeuziwa kitu kilichotengenezwa kwa nyumba nyingine. Kijana alikuwa na kazi ya biolojia, mada ya uzazi. Kila ukurasa wa Kiingereza alioufungua, chap, ukuta mwekundu: maudhui hayafai. Jedwali la via vya uzazi halifai. Ukurasa wa kunyonyesha haufai. Nikaomba anipishe kiti, nikaandika tusi la Kiswahili, lile la nguoni kabisa ambalo hata hapa siandiki. Likapita. Nikaandika jingine, likapita, na matokeo yakamwagika yote. Programu ilikuwa inajua aibu za Kiingereza tu. Tukatazamana mimi na yeye, na hiyo ndiyo mara pekee katika miezi saba tuliyocheka pamoja mbele ya ile kompyuta. Ugonjwa wenyewe ni wa zamani: mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, walikataliwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, kwa sababu ndani ya jina la mji wao zimejificha herufi zinazounda tusi.

Bando nalo. Hizo picha za skrini hazisafiri bure, zinapandishwa kwenye seva za kampuni kwa intaneti yako. Bando letu la wiki likawa linakata Alhamisi. Na nilipokaa nikafikiri kwamba picha za chunusi na meseji za mwanangu zimelala kwenye kompyuta ya watu nisiowajua, nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kuhusu gemu.

Baada ya ile Jumanne kijana aliigoma kompyuta. Haigusi. Kazi za shule akawa anakwenda kufanyia kwa rafiki yake, ambako hakuna programu wala mzazi mchana. Yaani nililipa hela ili mtoto aondoke machoni pangu. Tukaitisha kikao cha sebuleni. Baba yao akaja na hoja moja: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, huyu ana 16, basi imekwisha. Kijana akamjibu kwa adabu, mikono nyuma, "Baba, sheria hiyo hiyo inasema mtoto ana haki ya kusikilizwa kwenye mambo yanayomhusu." Uraia, bwana. Ada zinafanya kazi pale ambapo huzitaki.

Alichotaka si uhuru wote, kama nilivyoogopa. Alisema muda wa kufunga anaukubali, tena akaomba Ijumaa uongezwe hadi saa tano. Picha na kusomewa anachotafuta, hapana. "Kama unataka kujua, mama, niulize." Nilitaka kumwambia kwamba nikimuuliza ananijibu "poa". Nikanyamaza.

Kwa hiyo picha nimezizima. Chujio nimelizima pia kwake. Mahali pake tumeweka kwenye rauta DNS (huduma inayoielekeza kompyuta tovuti ilipo) ya bure ya kampuni ya Cloudflare, namba 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambayo inazuia tovuti za ngono na zenye virusi kwa nyumba nzima, baba yao akiwemo, na haimpelekei mtu ripoti. Akitumia bando la simu au VPN, programu ya kupitisha intaneti njia nyingine iliyofichwa, haimgusi, najua, na yeye anajua kwamba najua. Kompyuta imebaki sebuleni, skrini ikitazama mlango wa jikoni.

Mdogo wake, darasa la tano, bado yuko kwenye programu, na kwake inafanya kazi vizuri: muda, michezo iliyoruhusiwa, basi. Nyota zote mbili ni zake. Kama mtoto wako ana miaka tisa, kumi, nunua. Ukiwa na wa kidato cha tatu, hiyo laki na thelathini mlipie tuisheni.

Mwaka ukiisha sitailipia tena, huyu mdogo nitamwekea vidhibiti vya bure vilivyomo ndani ya Windows. Rauta aliiweka kijana mwenyewe, mimi nikimsomea namba. Nywila yake baba yao ameiandika nyuma ya kalenda ya ukutani. Juzi nimeona kalenda imegeuzwa upande, na sijauliza.