Kuijaribu Linux Mint kwa Flashi: Uzoefu Wangu

Kompyuta mpakato yangu niliinunua Kariakoo ikiwa imekwisha kutumika, na ingawa bado ina nguvu, haitimizi masharti ya kupokea Windows 11, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilikuwa nikiiwazia Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, lakini hesabu zote za duka letu la Sinza zimo ndani ya diski hiyo, kwa hiyo niliamua kuijaribu kwanza kwa flashi bila kusakinisha chochote.

Nilichagua Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Faili lake la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima ndani yake, lina ukubwa wa karibu GB 3, nami nililipakua kwa bando la usiku, kisha nikaliandika kwenye flashi ya GB 16 kwa programu ya bure iitwayo Rufus. Kulinakili faili hilo kama unavyonakili wimbo hakusaidii, kwa sababu kompyuta haitaweza kuwakia hapo. Rufus huonya kwamba kila kilichomo kwenye flashi kitafutwa. Nililibonyeza onyo hilo bila kulisoma, na picha za harusi ya binamu yangu zikaenda.

Niliwasha kompyuta huku nikibonyeza F12 (mashine nyingine hutumia F9 au Esc), nikachagua flashi, na baada ya dakika mbili hivi Mint ilikuwa mbele yangu, kivinjari cha Firefox na programu za ofisi za LibreOffice zikiwa tayari. Sauti, kamera na vitufe vya mwangaza vilifanya kazi bila kuguswa. Wi-Fi, hata hivyo, haikuonekana kabisa. Nilipoichomeka simu kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti, mtandao ulipatikana papo hapo, lakini siwezi kuendesha duka huku simu imefungwa kwenye kompyuta siku nzima. Kwangu mimi ugunduzi huo peke yake ulistahili gharama ya bando, kwani laiti ningeifuta Windows kwanza, ningeyajua hayo nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Programu zilifunguka polepole, na nisingependa mtu aihukumu Linux kwa hilo, maana flashi yangu ni ya USB 2.0, aina ya zamani isiyo na kasi, na kila kitu kilikuwa kikisomwa kutoka humo. Vilevile, barua niliyoiandika na kuihifadhi kwenye eneokazi ilipotea nilipozima, kwa kuwa kazi inayofanywa mfumo ukiendeshwa kwa flashi namna hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu.

Kilichonishtua zaidi ni saa. Niliporudi Windows ilionyesha saa nne asubuhi, ilhali adhuhuri ilikwisha kuadhiniwa na wateja walikuwa wakiulizia chakula cha mchana. Nikadhani nimeharibu kitu. Kumbe Linux huichukulia saa ya ndani ya mashine kuwa ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, na Windows huichukulia kuwa ya mahali ulipo, na baina ya UTC na Dar es Salaam kuna saa tatu. Nililinganisha upya na mtandao, ikakaa sawa.

Mfumo wenyewe nimeupenda, ila sitausakinisha kabla ya kupata kifaa kidogo cha Wi-Fi cha kuchomeka ambacho Mint inakitambua. Jumamosi nitakwenda Kariakoo na kompyuta pamoja na flashi, nikijaribu palepale kaunta kabla ya kutoa pesa.