Diski ya kompyuta inakufa: ununue nini, na uanze na kipi

Diski nyingi hupiga hodi kabla ya kufa. Kompyuta inaanza kuchelewa kuwaka, nawe unailaumu intaneti. Baadaye unafungua kabrasha la picha, dirisha linaganda, na taa ndogo ya diski inabaki imewaka bila kupepesa. Kisha usiku mmoja, nyumba ikiwa kimya, unasikia: tk, tk, tk. Kimya. Halafu tena tk, tk, tk. Hicho ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia yake juu ya sahani, kinaikosa, kinarudi kuanza upya. Ukisikia mlio huo zima kompyuta papo hapo, usingoje umalize ulichokuwa unaandika.

Wengi wakifika hapo huuliza SSD nzuri ni ipi, yaani diski isiyo na sahani wala kichwa, inayohifadhi kila kitu kwenye chipu. Swali hilo lina nafasi yake, ila linatanguliwa na jingine: vitu vilivyomo kwenye diski hii vitahamia wapi? Ndiyo sababu namba moja katika orodha yangu si diski ya kuingia ndani ya kompyuta.

Hakikisha kwanza mgonjwa ni diski

Kila diski hujiandikia shajara ya afya yake, inaitwa SMART. Kwenye Windows isome kwa CrystalDiskInfo, kwenye Linux kwa amri ya smartctl. Zote ni za bure. Utakutana na mistari mingi ya kutisha. Tazama mitatu tu: 05, yaani sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia) zilizoharibika na kuhamishwa, C5, sekta ambazo diski bado inazitilia shaka, na C6, sekta zilizoshindikana kusomeka. Zote zikiwa sifuri, shusha pumzi kidogo. Zikiwa na namba, angalia kama zinaongezeka, kwa sababu kasi ya kuongezeka husema mengi kuliko namba yenyewe. Kwenye laptopu ya shangazi yangu mstari wa 05 ulikuwa na 8 siku ya Jumatatu; Ijumaa ulikuwa 136. Tahadhari moja: CrystalDiskInfo huonyesha thamani ghafi kwa hesabu ya msingi wa 16 usipobadilisha mpangilio, kwa hiyo 18 unayoiona pale ni 24 ya kawaida.

Mstari wa C7 ni habari nyingine. Ukipanda huo peke yake, mara nyingi shida ni waya wa SATA, ule unaounganisha diski na kompyuta, uliolegea au kuchoka. Nimeshuhudia mtu akinunua diski mpya, akaifunga kwa waya uleule, na matatizo yakaendelea kama kawaida.

Usitulizwe sana na neno “nzuri” la kijani. Zipo diski zinazokufa na cheti chao cha afya mkononi.

Namba 1: diski ya nje ya kuokolea

Nunua diski ya kawaida ya USB, yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima inayoumwa, si kuliko faili zako tu. Ukija kulazimika kunakili diski yote sekta kwa sekta, hata sehemu tupu zitahesabiwa. Hapa usilipie kasi, maana anayechelewesha safari ni mgonjwa. Flashi usiitegemee kwa kazi hii.

Ikifika, anza na visivyopatikana tena: picha, nyaraka, kazi za shule za watoto, barua pepe zilizohifadhiwa ndani. Filamu na programu ziache, utazipakua upya. Nakili kabrasha moja moja. Ukiburuta kila kitu kwa mkupuo, faili moja mbovu inaweza kukwamisha zoezi zima, na diski ikaendelea kujichosha bure.

Kosa nililolifanya mimi ni hili: badala ya kunakili, nilianza kutibu. Niliendesha chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, usiku kucha nikidhani naisaidia diski. Amri hiyo huilazimisha diski kupitia kila sekta, nzima na mbovu, kisha hurekebisha daftari la faili kwa jinsi inavyoona yenyewe. Asubuhi nilikuta kabrasha jipya limejaa vitu vinavyoitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Nusu yake zilikuwa picha zangu, bila majina wala tarehe, nyingine zimekatika katikati.

Kama diski inasomeka kwa kusuasua, chombo chake ni ddrescue ya Linux. Huchota kwanza sehemu rahisi, sehemu ngumu inazirudia mwishoni, na huweka ramani ya ilipofikia ili uweze kuzima, kuipumzisha diski, na kuendelea kesho. Soma majina ya diski mara tatu kabla ya kubonyeza, kwa sababu ukibadilisha chanzo na mwisho utaandika utupu juu ya picha zako.

Kama diski inagonga, au kompyuta haiitambui kabisa, programu haitasaidia. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake huzidi ya diski mpya kwa mbali. Ni wewe tu unayejua kama kilichomo kinastahili. Usiifungue mwenyewe kuchungulia. Na ule ushauri wa zamani wa kuiweka kwenye friza upuuze: ikitoka hufanya umande, na kichwa kile huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Tone la maji kwake ni mlima.

Namba 2: SSD ya SATA ya inchi 2.5

Kama ningelazimika kumjibu mtu ambaye hajaniambia lolote kuhusu kompyuta yake, ningemtajia hii. Huingia mahali pa diski ya zamani ya laptopu bila ubishi. Nyingi zina unene wa milimita 7. Kwenye laptopu iliyotengenezewa milimita 9.5 unaongeza fremu ndogo ya plastiki isichezecheze. Kwenye kompyuta ya mezani unahitaji kishikizo cha kuipandisha hadi upana wa inchi 3.5. Ukikikosa, utepe wa gundi wa pande mbili unatosha, maana ndani hakuna kinachozunguka.

Boksi litakuambia megabaiti 550 kwa sekunde, na huo ndio ukomo wa SATA ya kizazi cha tatu. Usiitazame sana namba hiyo. Raha yenyewe iko kwenye faili ndogondogo. Diski ya sahani kila ikitafuta kitu inasogeza kichwa na kungoja sahani izunguke, kama milisekunde 10 hivi. Hiyo ni takribani safari mia moja kwa sekunde. SSD hufanya makumi ya maelfu. Windows ikiwaka husoma maelfu ya faili ndogo, na ndipo unapoona tofauti. Hata kompyuta kongwe yenye SATA ya kizazi cha pili, isiyovuka megabaiti 300, itaonekana imezaliwa upya.

Katika kuchagua, tafuta neno TLC kwenye maelezo. TLC huweka biti tatu kwa kila seli, QLC huweka nne. QLC si mbaya kwa kuhifadhia, ila ukiinakilia faili kubwa mfululizo sehemu yake ya haraka hujaa, na baada ya hapo inaweza kwenda polepole kuliko hata diski uliyoitoa. Kama mtengenezaji hataji aina, mimi huichukulia kuwa QLC.

Kuna pia TBW, terabaiti ambazo diski imedhaminiwa kuandikiwa. SSD nyingi za TLC za terabaiti 1 huwa kwenye 600. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku bila kupumzika, kwa mwaka ni terabaiti 7.3, kwa hiyo 600 ingekuchukua zaidi ya miaka 80. Hutafika. Itumie namba hiyo kulinganisha tu: mwenye waranti ya miaka 5 na TBW kubwa anaiamini bidhaa yake kuliko mwenye miaka 3.

Kwa ukubwa, gigabaiti 500 ni kiwango cha chini cha kuishi nacho kwa raha. Ukinunua terabaiti 1, Windows itakuonyesha 931. Hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Namba 3: NVMe, na hapa mpangilio unaweza kugeuka

NVMe ni SSD inayoongea na kompyuta kwa njia ya PCIe, yenye kasi kuliko SATA. Kompyuta yako ikiwa na tundu la M.2 linaloikubali, ipandishe hii juu ya SATA bila kusita. Nimeiweka ya tatu kwa sababu kompyuta ambazo diski zake zinakufa leo mara nyingi ni za umri ambao tundu hilo halipo, au lipo lakini haliongei NVMe.

Hapo ndipo watu wanapopigwa. M.2 ni umbo tu, kile kijibamba chembamba kama ubao wa pipi ya kutafuna. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe, na tundu linaweza kukubali moja, nyingine, au zote. Soma kitabu cha kompyuta, si kadirio la muuzaji. Angalia na urefu: 2280 maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa 80, lakini laptopu nyingine zina nafasi ya 2242 au 2230 pekee. Mwenye Windows 7 bado? Mfumo huo kwa asili yake hauijui NVMe.

Kizazi cha PCIe 3.0 hufika megabaiti 3,500 kwa sekunde, 4.0 karibu 7,000, na 5.0 huvuka 10,000 huku ikichemka. Kwa barua, picha na kuvinjari, hutazitofautisha ukiwa umefumba macho. Nunua kizazi ambacho tundu lako linakijua. Uliza pia kama skrubu yake ndogo ipo. Ni ndogo kuliko punje ya mchele, mara nyingi haiji na diski, na ikianguka kwenye zulia ndiyo kwaheri.

Namba 4: diski ya sahani, kwa ghala tu

Kuwashia kompyuta, hapana. Kuhifadhi video na picha kwa wingi, bado ni chaguo la maana, hasa kwenye kompyuta ya mezani pamoja na SSD. Tafuta iliyoandikwa CMR, ambayo njia zake za kuandikia hazipandani. SMR hupandanisha njia za kuandikia kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha kitu kimoja hulazimu kuandika upya vya jirani, na kasi huporomoka. Soma karatasi ya vipimo, usitegemee jina la familia ya bidhaa: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuelezwa.

Nisizozipa namba

Diski mseto za SSHD, za sahani zenye chipu kidogo za SSD ndani, zimepitwa, ziache. Za mitumba nazo sizishauri. Mwanzoni mwa 2025 ziligundulika diski za seva zilizofanya kazi maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, saa zake zimefutwa kwenye SMART. Na ile “SSD ya nje ya terabaiti 16” ya bei ya kutupa, ukiifungua hukuta kikadi cha kumbukumbu cha microSD, kama cha simu, kimegundishwa ndani. Diski yoyote unayoitilia shaka ijaze na kuisoma yote kwa programu ya h2testw au F3 kabla muda wa kuirudisha haujaisha.

Siku ya kufunga

Kama diski ya zamani ina sekta mbovu, mimi husakinisha mfumo upya kwenye mpya kisha narudisha faili. Ukiinakili nzima utahamia na faili za mfumo zilizooza, na kompyuta itakuangusha baada ya wiki mbili usijue kwa nini. Kama BitLocker, kufuli la siri la Windows kwenye diski, imewashwa, hifadhi ufunguo wake nje ya kompyuta kabla hujashika bisibisi.

Ya zamani usiifute siku hiyo. Ya shangazi ilikaa miezi miwili kwenye droo, nimeiandika kwa kalamu nzito IMEKUFA, na bado binamu alikuja kuiomba awekee muziki. Tulikuwa tumeshafungua kila kabrasha kwenye mpya. Moja lilikuwa tupu, tukairudia ile ya zamani kwa ddrescue usiku mmoja zaidi, tukapata picha 41 kati ya 60.